Kusoma Kiitaliano Perugia na Siena, kuanzia A1 hadi C1: tathmini kwa msemaji wa Kiswahili

Kama uwezo wako ni kukaa Italia miezi sita tu, usiitumie kujifunza kuhesabu na kutaja siku za wiki. Hilo ndilo la kwanza la kusema kuhusu vyuo vikuu viwili vya umma vinavyojulikana zaidi kwa kufundisha Kiitaliano kwa wageni: Università per Stranieri di Perugia na Università per Stranieri di Siena. Vyote viwili ni vyuo vya kuaminika, na madaraja yao, yanayopimwa kwa ngazi za Ulaya kutoka A1 ya anayeanza hadi C2 ya juu kabisa, yanaanza na asiyejua hata salamu na kufika kwa anayeandika insha ya kitaaluma. Ila madaraja hayo hayana thamani sawa kwa mtu anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu. Nauli, bima na kodi ya chumba hazipungui kwa sababu uko A1.

Perugia ilianza kufundisha wageni mwaka 1921, Siena mwaka 1917. Makao ya Perugia ni Palazzo Gallenga, jumba la karne ya 18 linalotazamana na Arco Etrusco, lango la kale la mji. Mji wenyewe uko juu ya kilima: treni inakushusha chini, stesheni ya Fontivegge, halafu unapanda Minimetrò, kitreni cha mjini, hadi kituo cha mwisho cha Pincetto. Anayepanga chumba karibu na stesheni ajue kwamba kila siku ana mlima wa kupanda. Siena chuo kiko jirani na stesheni ya treni, lakini ukitoka Florence basi mara nyingi ni rahisi kuliko treni, kwa kuwa linakufikisha karibu na mji wa kale. Epuka kutafuta chumba Perugia wakati wa tamasha la muziki la Umbria Jazz, Julai, na Siena karibu na tarehe 2 Julai na 16 Agosti, siku za mbio za farasi za Palio. Vyumba huadimika na bei hupanda.

Kwa sikio la mgeni kuna tofauti moja ya kweli kati ya miji hii. Watu wa Siena, kama Watoskana wengine, hulainisha sauti ya k katikati ya irabu hadi ikawa kama h: «la casa» utaisikia «la hasa». Darasani mwalimu anatamka Kiitaliano sanifu, sokoni husikii hicho. Si kasoro, na baada ya wiki chache sikio linazoea, lakini mwanafunzi wa A2 anayejiandaa kwa mtihani wa kusikiliza anaweza kuyumba mwanzoni. Kwa anayeanza ningechagua Perugia, na kwa aliyefika B2 ningesema achague mji anaoupenda.

Sasa tuje kwenye madaraja yenyewe, maana hapo ndipo vipeperushi vya vyuo havisemi mengi.

A1 ni daraja ambalo msemaji wa Kiswahili analipita kwa kasi kuliko anavyodhani, na sababu ziko kwenye lugha yake. Irabu tano anazo. Silabi nyingi za Kiitaliano huishia na irabu kama zake. Mkazo kwa kawaida uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu: amìco, ragàzzo, lavòro. Vigumu ni vile vinavyokiuka, kama tàvolo, telèfono, na maneno yenye alama mwishoni kama città. Umilikishi anaupata bila kufundishwa: «il suo libro, la sua casa» hufuata kitu kinachomilikiwa, sawasawa na «kitabu chake, nyumba yake». Na «mi piacciono i libri» imejengwa kama «vitabu vinanipendeza», kitu ndicho kiima. Wanafunzi wa mataifa mengine huhangaika na hilo wiki nzima.

Matatizo yake ni mengine, na mwalimu wa Kiitaliano asiyejua Kiswahili hatayatarajia. La kwanza ni maandishi. Sisi «ch» ni sauti ya chai, Waitaliano «ch» ni k. Kwa hiyo «chi» husomwa ki na «ci» husomwa chi. «Chianti» ni Kianti na «ciao» ni chao. Vivyo hivyo «sci» ni shi ilhali «schi» ni ski, na «gn» ni ny ya nyumba. Jedwali hili likariri siku ya kwanza, uandike kwa mkono maneno 50 ya mfano, na usisubiri lizoeleke lenyewe, kwa sababu mazoea ya shule ya msingi yana nguvu. Herufi h peke yake haitamkwi: «ho, hai, ha, hanno».

La pili ni konsonanti zinazorudufiwa. «Pala» ni koleo, «palla» ni mpira. «Sera» ni jioni, «serra» ni banda la kioo la kuoteshea mimea. «Anno» ni mwaka, na ukiitamka kwa n moja unataja sehemu ya mwili isiyotajwa mbele za watu; kwa hiyo sentensi ya umri, ambayo ni ya wiki ya kwanza, ndiyo inayoaibisha wengi. Ulimi ukae kwenye konsonanti muda maradufu, na irabu iliyotangulia ifupishwe. Jirekodi kwa simu, sikiliza, rudia.

La tatu ni saa. Anayefikiri kwa saa za Kiswahili husikia «le otto» akaandika saa nane, kumbe ni saa mbili. Kwenye zoezi la kusikiliza la A1 karibu kila mara kuna treni, daktari au duka lenye saa, na alama huanguka hapo kwa mtu aliyeelewa kila neno.

Halafu kuna artikeli, vile vineno vinavyotangulia nomino: il, lo, la, l', i, gli, le. Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo. Upatanisho haututishi, tumekulia kwenye ngeli. Anayeweza kusema «viti vizuri vitatu vimevunjika» hawezi kushindwa na «le sedie belle». Tabu ni kukumbuka kwamba artikeli lazima iwepo, na kujua jinsia ya nomino. Kila neno jipya liandikwe na artikeli yake kwenye daftari, kamwe lisiandikwe peke yake. Halafu yatenge yanayodanganya: «il problema» ni la kiume ingawa linaishia na a, «la mano» ni la kike ingawa linaishia na o, «il braccio» katika wingi hugeuka kuwa la kike, «le braccia», na «l'uovo» huwa «le uova».

Yote haya yanawezekana kufanywa nyumbani. Nairobi ipo Istituto Italiano di Cultura, taasisi ya serikali ya Italia, yenye kozi za lugha. Aliye mbali na Nairobi anaweza kutumia mwalimu wa mtandaoni saa nne hadi sita kwa wiki. Makadirio yanayotumiwa sana Ulaya ni saa 500 hadi 600 za kufundishwa kutoka sifuri hadi B2. Ukizimaliza 200 za mwanzo nyumbani, zinabaki 300 hadi 400. Kwa saa 20 za darasa kila wiki, hizo ni wiki 15 hadi 20. Miezi sita inatosha na akiba inabaki.

Hesabu hiyohiyo itumie kupima kozi yoyote inayoahidi daraja zima kwa mwezi mmoja. Saa 20 kwa wiki kwa wiki nne ni saa 80. Kwa A1 zinatosha kwa kubana. Kwa B2 hazitoshi, na mtu anayepandishwa daraja kwa cheti cha mahudhurio tu atajikuta juu ya uwezo wake mwezi unaofuata. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu: saa za darasa kwa wiki ni ngapi, ukifeli jaribio la mwisho unaruhusiwa kurudia daraja, na darasa lina watu wangapi. Zaidi ya 20 kwenye chumba kimoja, kuzungumza kunageuka kuwa bahati nasibu.

Ukifika chuoni unafanya jaribio la kupangiwa daraja. Hapa kuna watu wawili wanaohitaji tahadhari. Wa kwanza ni kijana wa Malindi, Watamu au Zanzibar aliyejifunza Kiitaliano kwa watalii. Anazungumza harakaharaka, anaelewa utani, lakini vitenzi vyake mara nyingi haviko kwenye nafsi wala wakati, anamwambia kila mtu «tu», yaani «wewe» ya kirafiki, na hajawahi kuandika aya. Jaribio likiwa la maandishi litamweka A2, akiwa darasani atachoka na kuacha. Aombe mahojiano ya mdomo, lakini akubali kukaa B1 hata kama mdomo wake ni wa B2, na atumie muda wa ziada kwenye uandishi. Suala la «Lei», namna ya kumwambia mtu mzima au mgeni kwa heshima, alianze siku hiyohiyo. Karani wa ofisi ya serikali anayeambiwa «tu» na mwombaji huona amekosewa adabu.

Wa pili ni aliyesoma kwa Kifaransa: wa Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura. Anasoma gazeti la Kiitaliano ndani ya mwezi kwa kubahatisha maneno, na jaribio humpandisha. Wenzake darasani wakiwa Wahispania na Wabrazili, naye huenda kwa kasi yao. Msomaji wa Tanzania au Kenya akiwekwa darasa hilo ataona kama yeye ndiye mzito, na si kweli. Wenzake wanaazima msamiati kwa lugha jirani. Lakini jirani hudanganya. «Fermare» si kufunga kama ilivyo Kifaransa, ni kusimamisha; kufunga ni «chiudere». «Salire» ni kupanda, haina uhusiano na uchafu. «Cantina» ni ghala la mvinyo la chini ya nyumba, anayetafuta chakula huko atarudi na njaa.

A2 hadi B1 ndiyo sehemu ya njia inayolipa zaidi kuwa Italia. Hapo unafundishwa kutenganisha «passato prossimo» na «imperfetto», yaani tendo lililotimia na hali iliyokuwa ikiendelea. Kiswahili kina silaha kwa hili: «nilipofika alikuwa anapika» ni «quando sono arrivato, cucinava». Kosa la kawaida ni kuona -li- mbele ya macho na kutafsiri kila -li- kwa passato prossimo. Jiulize kwanza kama sentensi ingekubali «alikuwa a-na-». Ikikubali, ni imperfetto. Kitenzi kisaidizi nacho kina watu wake: vitenzi vya kwenda, kufika, kuzaliwa, kubaki huchukua «essere» (kuwa), na hapo kitenzi hupatana na kiima, «Maria è arrivata». Vyenye yambwa huchukua «avere» (kuwa na).

Viwakilishi vya yambwa havitutishi mwanzoni, kwa kuwa tumezoea kuviweka mbele ya mzizi: «ninamwona», «lo vedo». Shida huanza viwili vinapokutana. Kiswahili sanifu hubeba kiambishi kimoja tu cha yambwa, «nimempa», na kitu kinabaki nje. Kiitaliano hubeba vyote: «gliel'ho dato», nimempa hicho. Kwenye amri vyote hurukia mwisho: «dammelo», nipe hicho. Mazoezi ya karatasi hayatoshi hapa. Inahitaji kusikika dukani, jikoni na kwenye basi mara mia, na ndiyo maana nasema B1 isomewe huko.

Hapa pia ndipo mtu hukwama. Ameweza kununua, kupanga chumba, kupiga stori, na kila Mwitaliano anamsifu. Basi anaacha kukua. Dalili ni kwamba anajua namna moja ya kusema kila jambo na hukwepa sentensi yenye «che» (kwamba, ambaye) mbili. Dawa ni kuandika: maneno 150 kila siku, mwalimu asahihishe, na yaliyosahihishwa yaandikwe upya safi. Asiyeandika hapandi B2. Nyumba nayo ina mchango. Ukipanga na Watanzania wenzako au na wanafunzi wanaozungumza Kiingereza, saa 20 za darasa ndizo pekee utakazopata.

B2 ndilo daraja la maana kuliko yote kwa anayetaka shahada, kwa sababu ndilo kiwango kinachodaiwa kwa masomo ya chuo kikuu yanayofundishwa kwa Kiitaliano. Katikati ya daraja hili anasimama «congiuntivo», hali ya kitenzi inayofuata matakwa, mawazo na hisia. Msemaji wa Kiswahili ana nusu yake tayari: «nataka asome» ni «voglio che legga», kitenzi kinabadilika mwisho kwa lugha zote mbili. Nusu inayomponza ni ya mawazo na hisia. Sisi tunasema «nadhani anasoma», bila kubadili kitu. Kiitaliano kinadai «penso che legga». Kwa hiyo usijifunze congiuntivo kama orodha ya miisho, jifunze orodha ya vianzio: penso che, credo che, mi dispiace che, benché, prima che, affinché. Vianzio vikikaa kichwani, miisho inafuata.

Mtego mkubwa zaidi ni sharti. Kiswahili huweka -nge- pande zote mbili: «ningekuwa na pesa, ningekwenda». Kwa hiyo mwanafunzi wetu huandika «se avrei soldi, andrei», pande mbili sawa, na hilo ni kosa ambalo hata watoto wa Kiitaliano hufokewa shuleni. Sahihi ni «se avessi soldi, andrei»: upande wa «se» ni congiuntivo imperfetto, upande wa pili ni condizionale, umbo la «ningekwenda». Kwa yaliyokwisha kupita, pale tunapotumia -ngali-, ni «se avessi avuto soldi, sarei andato». Andika sentensi 30 za maisha yako kwa mfumo huu kabla ya mtihani. Alama za sarufi na za insha zinategemea hapo.

Kuna jambo ambalo cheti cha B2 hakilionyeshi. Mitihani mingi ya vyuo vikuu vya Italia ni ya mdomo: unakaa mbele ya profesa, unaulizwa, unajieleza, unapata alama kati ya 18 na 30, au «30 e lode» ukifanya vizuri sana. Chini ya 18 hujafaulu. Kozi nzuri ya B2 lazima ikufanyishe kueleza mada kwa dakika kumi bila karatasi. Kama ratiba haina mazoezi hayo, yatafute mwenyewe, na mwenzako akuulize maswali ya papo kwa papo.

Kuhusu vyeti: Perugia hutoa CELI, Siena hutoa CILS. CELI 1 ni A2, CELI 2 ni B1, CELI 3 ni B2, CELI 4 ni C1, CELI 5 ni C2. Wengi hukosea wakidhani CELI 2 ni A2. Kwa Siena, CILS UNO ni B1, DUE ni B2, TRE ni C1, QUATTRO ni C2. Vyote vinakubalika kwa chuo kikuu, pamoja na vya chuo kikuu cha Roma Tre na vya PLIDA vya Società Dante Alighieri. Kuanzia UNO hadi QUATTRO, CILS ina sehemu tano za alama 20 kila moja, na unahitaji angalau 11 kwa kila sehemu. Faida yake ni kwamba ukifeli sehemu moja, ulizofaulu zinahifadhiwa kwa miezi 18 na unarudia ile iliyokuangusha tu. Kwa mtu ambaye uandishi wake uko nyuma ya mdomo wake, sababu hiyo peke yake inatosha kuchagua CILS. Na kumbuka cheti cha kumaliza kozi si cheti cha mtihani. Ni vitu viwili, hulipiwa mbalimbali, na ofisi za serikali zinataka cha pili.

Makaratasi yapangwe mapema. Kwa kozi inayozidi siku 90 unahitaji viza ya aina D, na ndani ya siku 8 za kazi baada ya kuingia unaomba kibali cha ukaaji kupitia posta yenye Sportello Amico, dirisha la huduma hiyo. Tenga euro 16 za stempu ya marca da bollo, 30 za posta, 30.46 za kadi ya kibali, na 40 za mchango kwa kibali kisichozidi mwaka. Anayechagua kujiandikisha kwa hiari kwenye huduma ya afya ya taifa hulipa, tangu 2024, euro 700 akiwa mwanafunzi, na malipo hayo ni ya mwaka wa kalenda, hayagawanywi. Ukiwasili Oktoba ukalipa, yanaisha Desemba. Kwa kozi ya miezi michache bima binafsi huwa ya busara zaidi. Kibali cha masomo huruhusu kazi saa 20 kwa wiki, lakini mwanafunzi wa B1 anayefanya kazi jioni zote huwa hana saa za kuandika.

C1 ni ya anayetaka kufundisha, kutafsiri au kufanya utafiti. Hapo unakutana na «passato remoto» ya vitabu, nacque, visse, scrisse (alizaliwa, aliishi, aliandika), na sentensi za magazeti zilizojaa nomino badala ya vitenzi. Mazoezi yanayofaa ni muhtasari: chukua makala ya maneno 800, iandike kwa 200 bila kunakili kirai hata kimoja, halafu hakiki kila neno kwenye kamusi ya Treccani, ambayo mtandaoni ni ya bure. Kozi ya C1 ya wiki chache inaweza kukuonyesha njia hiyo, kutembea ni kazi ya mwaka. Kwa C2 nisingelipa kozi kabisa. Aliyefika C1 apeleke pesa hizo kwenye masomo ya somo lake, historia, sheria, upishi, kilimo, yanayofundishwa kwa Kiitaliano pamoja na Waitaliano wenyewe, kisha ajiandikishe kwa mtihani kama mtahiniwa wa nje.